Barua ya wazi kwa Waziri wa Elimu, Waziri wa TAMISEMI na wakurugenzi wa halmashauri: vitabu vya watoto vitoke stoo

Waheshimiwa, wale wakubwa zangu shikamooni, wengine salaam.

Mi ni mwalimu wa shule ya msingi ya serikali huku Kanda ya Ziwa. Jina la shule na la kata naliacha maana sitaki mwalimu mkuu wangu aitwe ofisini kwa ajili ya barua yangu, na kiukweli haya ninayosema yapo shule nyingi tu, mtu akitaka kuyaona hana haja ya kuja mpaka kwetu. Nafundisha Kiswahili darasa la tatu na la nne. Naandika kuhusu maktaba. Najua mkisikia maktaba ya shule mnawaza jengo, mnawaza ramani na mamilioni, mnasema madawati bado, vyoo bado, bajeti haitoshi, na mazungumzo yanaishia hapo. Naomba mnisikilize kidogo kwa sababu mi leo siombi jengo. Naomba vitabu ambavyo tayari tunavyo viruhusiwe kusomwa.

Shule yetu ilikuwa na maktaba. Chumba kimoja kimebanwa kati ya ofisi na darasa la saba, mashelfu ya mbao ukutani, mkeka chini, kuna mradi ulipita ukaleta vitabu vya hadithi na ukafundisha walimu wawili namna ya kuviendesha. Hiyo ni kabla mi sijahamia. Alafu 2016 ada na michango ikafutwa, jambo jema sana na mtu asinielewe vibaya, kuna watoto nawafundisha ambao bila hivyo wasingekanyaga shule, ila mwaka ule darasa la kwanza lilijaa kuliko vyumba tulivyonavyo ikabidi chumba cha maktaba kiwe darasa. Na nani angebisha, watoto wakae juani chini ya mwembe huku chumba kina vitabu? Vitabu vikaingia kwenye maboksi, maboksi yakaingia stoo. Mradi nao ulishaisha muda wake, mwalimu mmoja kati ya wale wawili akahamishwa mwingine akastaafu. Nilipofika 2019 nikakuta maboksi 11 yamepangwa juu ya matofali kukwepa mchwa, pembeni kuna magunia ya mahindi ya uji, majembe ya shule na madawati yaliyovunjika. Boksi la chini mchwa walishalifikia, nililinyanyua likabaki mkononi upande mmoja, upande wa pili ukamwagika kama pumba.

Sasa mtauliza kwa nini havikutolewa baadae, si vingegawiwa tu madarasani. Hapa ndo penye shida yenyewe na ndo sababu ya barua hii. Kitabu kikifika shuleni kinagongwa mhuri, kinapewa namba, kinaingia kwenye leja, kuanzia siku hiyo ni mali ya serikali na anayekijibia ni mwalimu mkuu. Mwalimu mkuu wetu ni mtu mzima, mpole, watoto anawapenda, lakini shule aliyotoka siku ya makabidhiano vilipungua vitabu 60 na kitu, akaandikishwa maelezo, akazungushwa ofisi hii na ile karibu mwaka mzima ndo wakamwachia. Vile vilivyopungua vilikuwa vimesomwa na watoto mpaka vikaisha. Alinisimulia mwenyewe, akasema, "Mwalimu, mi nimebakiza miaka minne nistaafu, sitaki kiinua mgongo changu kicheleweshwe na vitabu vya hadithi." Ningemjibu nini? Stoo ina kufuli mbili, ufunguo mmoja anao yeye mwingine anao mtaaluma, yaani mwalimu wa taaluma. Na wageni mnaowatuma wakija wanafungua leja, wanauliza vitabu vipo vingapi, vinahesabiwa, vimetimia, wanasaini kitabu cha wageni na wanatupongeza kwa utunzaji mzuri wa mali za umma. Miaka yote niliyokaa hapa hajatokea hata mmoja akauliza vimesomwa na watoto wangapi. Mwalimu anayeazimisha vitabu anaweka jina lake rehani, anayevifungia anapongezwa, basi mwenye akili yake atafungia tu.

Naomba niwaelezee mtoto mmoja, wa darasa la nne mwaka juzi. Nilikuwa napita kati ya madawati wao wanasoma kitabu cha kiada. Vitabu havitoshi kwa hiyo wanakaa wanne kitabu kimoja, wawili wa katikati ndo wanaona vizuri, wa pembeni anachungulia kwa ubavu, na kuna mmoja anakuwa upande wa pili wa dawati maandishi anayaona juu chini. Huyu nikamwambia asome. Akasoma vizuri, kwa sauti, vituo anaweka, wenzake wakatulia wanamsikiliza. Nikaangalia kidole chake. Kidole kilikuwa bado mstari wa kwanza, mdomo umeshafika mstari wa tatu.

Nikaenda ofisini nikaomba kitabu kimoja cha stoo, chochote kile, mtaaluma akanitolea, nikarudi nikamfungulia ukurasa wa katikati. Akanyamaza. Akatafuta picha, ukurasa ule haukuwa na picha. Akarudi kwenye maandishi, "zi... zi... wa..." kisha akaninyanyulia macho kama mtu aliyevunjiwa makubaliano. Neno lilikuwa ziwani. Kwao ukisimama mlangoni ziwa unaliona.

Mtoto huyu ana akili nyingi, maana kukariri kitabu kizima cha kiada kwa kusikiliza wenzake sio kazi ndogo. Silabi anazijua, KKK (kusoma, kuandika na kuhesabu) alifundishwa, ukimwandikia zi ubaoni anaisoma na wa anaisoma. Kiswahili chetu kinasomeka kama kinavyotamkwa, hiyo ni neema kubwa ambayo mtoto anayejifunza kusoma Kiingereza hana, mtoto wetu akishashika silabi kilichobaki ni kusoma sana, maneno mengi, sentensi mpya kila siku, mpaka jicho lizoee kuliona neno zima kwa mara moja. Sasa asome nini? Kitabu cha kiada akishakipitia mara tatu hakina jipya kwake, nyumbani hamna gazeti, hamna kitabu, wengi ukiondoa Biblia au Msahafu juu ya kabati hakuna karatasi nyingine yenye maandishi labda mfuko wa mbolea. Na wengi wa watoto wetu nyumbani wanaongea Kisukuma, Kiswahili wanakutana nacho shuleni, yale maneno ambayo mwalimu hayasemi kila siku wangeyapata kwenye hadithi. Sasa hadithi ziko kwenye boksi.

Haya mambo mnayajua. Watafiti wa Uwezo, wale wanaopima watoto kusoma na kuhesabu, walipoanza kupita nyumba kwa nyumba 2010 wakiwapa watoto hadithi fupi ya kiwango cha darasa la pili, wengi wa darasa la tatu ikawashinda, taifa zima likashtuka. Mwaka 2012 ikasemwa wazi kwamba kuna wanafunzi zaidi ya 5,000 wamechaguliwa kuingia kidato cha kwanza na hawajui kusoma wala kuandika. Mkachukua hatua, sina haja ya kubeza, mtaala wa darasa la kwanza na la pili ulibadilishwa 2015 ukawekwa kwenye KKK, walimu tukapelekwa semina, vitabu vikaja. Mtaala mpya ulioanza Januari 2024 nao unataka mtoto asome kwa kuelewa. Lakini kati ya semina na mtoto kuna kufuli, na kufuli hilo halimo kwenye ripoti yoyote niliyowahi kuona ikijazwa.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba jambo hili wazee wetu walishalijua. Babu yangu mzaa mama alijifunza kusoma akiwa na mke na watoto watatu, kwenye kisomo cha watu wazima miaka ya sabini. Huku Mwanza na mikoa ya jirani kulikuwa na mradi wa kisomo chenye manufaa, watu walikuwa wanajifunza kusoma kwa kutumia mambo ya pamba, ya samaki, ya ndizi. Na waliopanga ule mpango waliona mbali, walijua mtu akishajua herufi akakosa cha kusoma atasahau zote, basi wakaweka maktaba za vijiji na wakaanzisha gazeti la vijijini, Elimu Haina Mwisho, maandishi rahisi na habari za huku huku. Babu alikuwa na nakala zake amezihifadhi kwenye sanduku la bati mpaka zikawa rangi ya chai. Nchi ile haikuwa tajiri kuliko hii ya leo, hela ya karatasi ilikuwa ya shida, na bado Mwalimu Nyerere alifungua Maktaba Kuu ya Taifa pale Dar tarehe 9 Desemba 1967, siku ya Uhuru, na Sheria ya Bodi ya Huduma za Maktaba ikapitishwa 1975. Bodi ile ipo mpaka leo. Maktaba ya mkoa wetu ipo mjini, nimeingia mara nyingi, wahudumu wazuri, ila mtoto wangu wa darasa la nne mpaka afike pale anahitaji nauli ya daladala mbili na mtu mzima wa kumshika mkono.

Sasa nieleze tulichofanya, maana sitaki muone nalalamika tu. Mwaka jana mwalimu mkuu alikubali baada ya kumwomba sana, akasema tuandikishane. Nikaandika barua kwamba vitabu 73 nimechukua mimi, vikipotea niulizwe mimi, nikasaini na mwenyekiti wa kamati ya shule akasaini. Vitabu vya Kiswahili tu, vyembamba, vile vya kurasa 16 na 24. (Kulikuwa na maboksi mawili ya vitabu vya msaada kutoka nje, vya Kiingereza kigumu, kimoja cha uhasibu wa chuo kikuu, hivyo tuliviacha, na naomba siku mkipokea misaada ya vitabu muulize kwanza nini kimo ndani kabla ya kupiga picha.) Tukavipanga kwenye dirisha la darasa la tatu, Jumanne na Alhamisi saa nane mchana wakimaliza vipindi wanapanga foleni nje ya dirisha, mtoto anachagua, namwandika kwenye kaunta buku, jina, namba ya kitabu, tarehe, anaondoka nacho nyumbani.

Wengi waliniambia watafungia maandazi. Kwamba wazazi wa huku kurasa zitaishia kwa muuza karanga. Wiki ya tatu mtoto mmoja wa kike akarudisha kitabu, nikakiona kimebadilika mgongoni, kumbe pini zilikuwa zimetoka na mama yake amekishona upya kwa uzi mweusi, mshono wa kubana kabisa, wa mtu anayejua kushona magunia, na kwenye kona iliyochanika amebandika karatasi kwa ugali. Yule mama hajui kusoma. Mtoto akasema, "Mama kasema hiki usimpe mtu kwanza, ananiambia nirudi nacho tena leo maana bibi hakusikia mwisho." Nikamrudishia siku hiyo hiyo. Vingine vilirudi vinanuka moshi, vingine vina mafuta ya samaki, kuna kimoja kilirudi kina alama za vidole vidogo sana, vya mtoto ambaye hajaanza hata awali. Hayo mafuta ya samaki mimi ndo ripoti yangu, kitabu kimefika jikoni watu wamekaa wanakula na mtu anawasomea.

Na yule wa kidole? Alishafika darasa la tano na mimi simfundishi tena, lakini alikuwa anakuja kwenye dirisha la wadogo zake na sikumfukuza. Mwanzo alikuwa anachukua vya picha nyingi. Kufikia muhula wa pili nikamkuta kwenye ngazi ya ofisi anamsomea mdogo wake, nikasimama nyuma yake kimya, kidole kilikuwa kinatembea chini ya maneno, neno na kidole pamoja, mahali alipokwama kidole nacho kilisimama.

Hamna aliyenipunguzia vipindi ili nifanye kazi hiyo. Nina vipindi zaidi ya 30 kwa wiki, madaftari ya watoto zaidi ya 100 ya kusahihisha, na siku nikiumwa dirisha halifunguliwi. Nikihamishwa kesho vitabu vinarudi kwenye boksi, ndivyo ilivyokuwa kwa waliokuwepo kabla yangu. Ndo maana naandika kwenu na sio kwa wafadhili. Kuna taasisi zimefanya kazi nzuri sana, Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania tangu 1991 wanahangaika na vitabu vya hadithi vya Kiswahili mashuleni, Room to Read nao wamefungua maktaba za shule, Mungu awabariki. Lakini mradi una mwanzo na mwisho, na siku ukiisha kinachobaki ni utaratibu wa serikali, na utaratibu wa serikali kwa sasa ni leja na kufuli.

Kwa hiyo ombi langu la kwanza kabisa, ambalo halina gharama hata ya shilingi, mtoe waraka. Waraka useme kitabu cha hadithi cha shule ya msingi ni kitu cha kutumika na kuisha, kama chaki. Hakuna mkaguzi anayeuliza chaki za mwaka juzi ziko wapi. Wekeni kiwango, kwamba katika kila vitabu 100 vinavyoazimishwa kwa mwaka kadhaa vikichakaa au kupotea ni kawaida, mwalimu mkuu anavifuta kwenye leja kwa muhtasari wa kamati ya shule na maisha yanaendelea. Na wathibiti ubora wakija waulize kaunta buku ya kuazimisha kabla ya leja, wakikuta vitabu vyote 200 vipya vinang'aa hakuna hata chenye doa hapo ndo wakunje uso na waandike maelezo.

La pili, mtu. Kwenye ikama, ile orodha ya watumishi tunayojaza kila mwaka, shule ya msingi haina nafasi ya mkutubi, na wakati huo huo pale Bagamoyo kuna chuo cha ukutubi na nyaraka kinatoa vijana kila mwaka, wengine wanarudi nyumbani kukaa. Sijasema kila shule ipate mmoja, najua hesabu. Kila kata ipate mmoja basi, azunguke shule zake na sanduku la vitabu, Jumatatu hapa Jumanne kule, abadilishane vitabu vya shule hii na ile ili watoto wasichoke vile vile 73. Maafisa elimu kata mliwapa pikipiki na zilisaidia sana, sanduku la vitabu 50 linakaa vizuri nyuma ya pikipiki, mi mwenyewe nimebeba boksi la sabuni kubwa kuliko hilo. Na kama hata huyo wa kata haiwezekani mwaka huu, mwalimu anayesimamia vitabu apunguziwe vipindi vitano tu kwa wiki na ratiba ya shule iwe na kipindi cha kusoma, kimeandikwa, kisichogeuzwa kuwa cha majaribio ya mtihani wa darasa la nne.

La tatu hela. Ruzuku ni shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, 6,000 ndo inakuja shuleni na 4,000 inabaki juu kwa ajili ya vitabu, na kiwango hicho cha 10,000 tumekuwa nacho tangu enzi za MMEM, ule mpango wa maendeleo ya elimu ya msingi wa mwanzoni mwa miaka ya 2000, wakati kitabu kilikuwa bei nyingine kabisa. Hiyo inayobaki inanunua vya kiada, sawa, vya kiada lazima viwepo. Lakini sehemu yake, hata 500 tu kwa kila mtoto, itajwe kwa jina kuwa ni ya vitabu vya hadithi vya Kiswahili vilivyochapwa hapa hapa. Wachapishaji tunao, waandishi tunao, mmeanzisha wenyewe Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu chini ya Taasisi ya Elimu Tanzania (TET) na hadithi za watoto zimeingizwa, nimefurahi sana kuliona hilo. Sasa hadithi zinazoshinda ziletwe huku chini, ziletwe nakala nyingi, na ziletwe na ruhusa ya kuchakaa.

Naomba pia msinijibu kwa maktaba mtandao. Ile ya TET naitumia mwenyewe, nashusha vitabu usiku bando likiwa bei nafuu, kwa mwalimu ni msaada mkubwa. Lakini darasani kwangu watoto 112, nyumbani kwao simu ya kitochi ya baba ndo simu pekee, na baba yuko ziwani usiku kucha nayo. Na kwa nyie mnaosimamia ujenzi, shule mpya za sekondari za kata zinazojengwa kwa hela za SEQUIP, mradi wa kuboresha elimu ya sekondari, zina jengo la maktaba kwenye ramani, hilo ni jambo la kujivunia, ila mtoto anayefika kidato cha kwanza hajawahi kushika kitabu cha hadithi ataliangalia jengo lile kwa nje mpaka amalize. Kusoma kunashikwa akiwa na miaka saba, nane, tisa, huku kwetu.

Mwisho nina jambo langu la ofisi. Katika vile vitabu 73 nilivyosaini, mpaka shule zilipofungwa Desemba 53 viko salama, 14 vimechanika kiasi ambacho hata yule mama mwenye uzi mweusi hawezi tena, na sita sijui viliko, viwili nahisi vimehamia Geita na familia. Orodha nimeiandika kwa namba za leja, kitabu kwa kitabu, na mbele ya kila namba nimeandika kimesomwa na watoto wangapi, kilichosomwa zaidi ni watoto 41. Fomu ya kuomba vifutwe nimeijaza, iko mezani kwa mwalimu mkuu tangu Januari, haisaini kwa sababu hajui nani juu yake atakubali kuipokea. Naomba mmoja wenu amwambie asaini.

Mwalimu wa Kiswahili, shule ya msingi, Kanda ya Ziwa